Terosauri, Pterodaktili na Mjusi Arukaye: Uchambuzi wa Jina na Matumizi Yake

Neno la Kiingereza "pterodactyl", ambalo huandikwa kwa herufi p isiyotamkwa na hutumiwa na watu wengi kumtaja mnyama yeyote wa kale mwenye mwili wa reptilia na mabawa ya utando, ni miongoni mwa istilahi za sayansi zilizoenea mtaani kabla ya kueleweka darasani. Katika vitongoji vya Dar es Salaam, kuanzia Mbagala na Tandika upande wa Temeke hadi Mwananyamala na Tegeta upande wa Kinondoni, mtoto hukutana na umbo la mnyama huyo kwenye fulana za mitumba, kwenye midoli ya plastiki na kwenye filamu zinazooneshwa katika vibanda umiza, ilhali jina lenyewe hulisikia, kama atalisikia, baada ya kuingia sekondari, mahali ambapo lugha ya kufundishia hubadilika kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza. Picha imetangulia jina, na jina limetangulia maana, kiasi kwamba hata mtu mzima aliyesoma hujikuta akimwita mnyama huyo dinosauri, akimlinganisha na popo, au akimwita mjusi, na kila mara akiwa amekosea kwa namna yake.

Suala hili lingekuwa dogo kama wanyama wenyewe wangekuwa wa mbali. Hata hivyo, mifupa ya wanyama hao imepatikana katika ardhi ya Tanzania, kwenye kilima cha Tendaguru kilicho takriban kilomita 60 kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi, na Barabara ya Kilwa inayotoka Temeke na kupita Mbagala ndiyo njia ya kuelekea huko. Historia ya mifupa hiyo ni mfano mzuri wa jinsi jina moja linavyoweza kubebeshwa maana nyingi kupita uwezo wake. Katika maelezo yafuatayo umbo "terosauri" ndilo litakalotumika kwa kundi zima la wanyama hao, na sababu za kulichagua zitaelezwa mahali pake, wakati neno "pterodaktili" litatumika pale tu ambapo neno la Kiingereza lenyewe ndilo linalozungumziwa.

Kisukuku cha kwanza kujulikana, yaani mabaki ya kiumbe yaliyogeuka kuwa sehemu ya mwamba, kilitoka katika mawe ya chokaa ya Bavaria, kusini mwa Ujerumani, na kuelezwa mwaka 1784 na Cosimo Alessandro Collini, Mwitalia aliyewahi kuwa katibu wa Voltaire kabla ya kukabidhiwa hazina ya vitu vya ajabu ya mtawala wa Mannheim. Collini aliuona mkono mrefu usio wa kawaida, akashindwa kuamua ni wa mnyama gani, akaegemea kwenye dhana kwamba huenda alikuwa kiumbe wa baharini. Ni Mfaransa Georges Cuvier aliyetambua mwaka 1801, akitegemea michoro, kwamba mkono ule ulikuwa bawa na mwenye bawa alikuwa reptilia. Mwaka 1809 Cuvier alimpa jina linalounganisha maneno mawili ya Kigiriki, pteron lenye maana ya bawa na daktylos lenye maana ya kidole, ingawa mchapaji alizipindua herufi na jina likatoka likisomeka kama kidole cha jiwe, kosa ambalo Cuvier alilazimika kulisahihisha baadaye. Mwaka 1815 Constantine Rafinesque alilipa jina hilo umbo la Kilatini, Pterodactylus, na hilo ndilo linalotumika hadi leo.

Wakati huo haikuwa imekubalika na wote kwamba mnyama huyo ni reptilia. Samuel Thomas von Soemmerring, daktari wa Kijerumani, alishikilia mwaka 1812 kwamba huyu alikuwa mamalia mwenye ukaribu na popo, na jina la spishi alilolitoa, antiquus, yaani wa kale, limedumu ingawa hoja yake ilikufa. Jambo hili linafaa kukumbukwa na yeyote anayewacheka watoto wanaomwita mnyama huyu popo, kwa kuwa kosa hilo lilifanywa kwanza na mtaalamu wa anatomia aliyekuwa na mifupa yenyewe mezani.

Jina la kundi zima lilikuja baadaye. Mwaka 1834 Johann Jakob Kaup alipendekeza istilahi ambayo leo imekuwa Pterosauria, kutokana na neno lile lile la bawa likiunganishwa na sauros, neno la Kigiriki la mjusi. Inafaa kuutazama mwaka huo kwa makini, kwa sababu neno dinosauri lilibuniwa na Mwingereza Richard Owen mwaka 1842, miaka 8 baada ya terosauri kuwa na jina lao, na kundi lililopewa jina kwanza ndilo ambalo leo humezwa na jina la kundi lililofuata.

Baada ya hapo neno pterodaktili likawa na maana tatu zinazoishi pamoja bila kusalimiana. Kwa maana finyu kabisa linataja jenasi moja, yaani kikundi cha spishi zenye ukaribu mkubwa wa nasaba, ile ya Pterodactylus wa Bavaria, mnyama mdogo ambaye upana wa mabawa yake, kutoka ncha hadi ncha, ulikuwa karibu mita 1. Kwa maana ya kati linataja tawi kubwa ndani ya terosauri, lile la wenye mkia mfupi na mifupa mirefu ya kiganja, ambalo wataalamu huliita Pterodactyloidea na ambamo imo jenasi hiyo pamoja na nyingine nyingi mno. Kwa maana pana, ambayo ndiyo ya filamu, magazeti na midoli, linataja kila terosauri, mwenye mkia mrefu na mwenye mkia mfupi, mwenye meno na asiye na meno, mdogo kama shomoro na mkubwa kupita ndege yeyote aliyepata kuishi. Wataalamu wengi huepuka maana hii ya tatu, lakini haiwezi kuitwa ujinga mtupu, kwa sababu maana ya asili ya jina, kidole cha bawa, inaeleza tabia waliyokuwa nayo terosauri wote bila kubakiza hata mmoja. Jina lilipewa mnyama mmoja kwa sifa ambayo ilikuja kugunduliwa kuwa ya ukoo mzima, na watu wa kawaida walipolitanua waliifuata maana yake kuliko kanuni za uainishaji.

Sifa hiyo ni rahisi kuieleza kwa kutumia mkono wa msomaji mwenyewe. Kidole cha pete, ambacho ni cha nne kuanzia gumba, ndicho kilichorefuka kwa terosauri hadi kuwa karibu nusu ya urefu wa bawa zima au zaidi, kikiwa na mifupa minne mirefu iliyopangana kutoka kwenye kiganja hadi ncha. Kidole cha mwisho hakikuwapo kabisa. Gumba, kidole cha shahada na kidole cha kati vilibaki vidogo, vyenye kucha, vikiwa huru mbele ya bawa, na kwenye kifundo cha mkono ulichomoza mfupa mwembamba usiopatikana kwa mnyama mwingine yeyote anayejulikana, ambao kazi yake ilikuwa kuushikilia utando mdogo wa mbele kati ya mkono na shingo. Utando mkubwa ulianzia kwenye ncha ya kidole kile kirefu na kuja kushikana na ubavu na mguu wa nyuma, na ndani yake mlikuwa na nyuzi ngumu zilizouzuia kupepea ovyo kama kitambaa. Popo naye ana bawa la utando, lakini utando wake umetandazwa juu ya vidole vinne, na gumba pekee ndilo lililo huru, ilhali ndege ana vidole vilivyopungua na kushikana, na uso wa bawa lake hutengenezwa na manyoya. Aina hizi tatu za bawa zilitokea kila moja kwa njia yake kutokana na mkono uleule wa wanyama wenye uti wa mgongo, na terosauri ndio walioanza, zaidi ya miaka milioni 210 iliyopita, katika kipindi cha Triasi.

Kutoka hapo waliishi katika vipindi vyote viwili vilivyofuata, Jura na Kretasi, hadi walipotoweka pamoja na dinosauri wengi takriban miaka milioni 66 iliyopita. Mkubwa kati ya wanaojulikana vizuri, Quetzalcoatlus, aliyepewa jina mwaka 1975 na Douglas Lawson kutokana na mifupa iliyookotwa Texas nchini Marekani, hukadiriwa kuwa na upana wa mabawa wa mita 10 hadi 11, kiasi kwamba daladala aina ya Coaster, yenye urefu wa karibu mita 7, ingefunikwa kuanzia taa za mbele hadi za nyuma na mabawa yakabaki. Mwili wa ukubwa huo uliwezekana kwa sababu mifupa ilikuwa mitupu ndani, yenye kuta nyembamba na mifuko ya hewa. Wepesi huohuo, ambao ulikuwa neema ya mnyama akiwa hai, ndio unaofanya visukuku vyao viwe adimu, kwa kuwa mfupa wa namna hiyo husagika na kuvunjika kabla ya tope kuufunika.

Tendaguru inaonesha uadimu huo waziwazi. Habari za mifupa mikubwa iliyojitokeza juu ya ardhi zilianza kuenea mwaka 1906 kupitia kwa Bernhard Sattler, mhandisi wa Kijerumani, na baada ya Eberhard Fraas kuitembelea sehemu hiyo mwaka 1907, Makumbusho ya Elimu ya Viumbe ya Berlin ilituma msafara uliochimba kuanzia 1909 hadi 1913, kwanza chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig, na mwisho chini ya Hans Reck. Wachimbaji na wapagazi walikuwa wenyeji wa kusini, waliotoka tu kwenye Vita vya Maji Maji na njaa iliyoifuata, na msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani, fundi ambaye utaalamu wake wa kutambua na kuhifadhi mifupa ulitegemewa na Wajerumani hao. Zaidi ya tani 200 za mizigo zilibebwa vichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi. Sehemu kubwa ya mizigo hiyo ilikuwa mifupa ya dinosauri, na maarufu kuliko yote ni ile ya Giraffatitan, ambaye mifupa yake iliyosimamishwa Berlin ina kimo cha zaidi ya mita 13. Mifupa ya terosauri ndani ya shehena hiyo ilikuwa vipande vichache tu, vingi vikiwa vya mikono na miguu, visivyoungana, vidogo kiasi cha kupotea kando ya paja la dinosauri.

Hans Reck ndiye aliyevichapisha, lakini si kabla ya mwaka 1931, na hapa ndipo suala la jina linapokuwa na uzito wa kisayansi badala ya kuwa suala la ufasaha. Reck alivigawa vipande hivyo katika spishi nne. Moja aliiweka katika jenasi ya wenye mkia mrefu, akamwita mnyama huyo Rhamphorhynchus tendagurensis. Nyingine tatu aliziweka katika Pterodactylus, akiziita brancai, maximus na arningi. Kwa maneno mengine, wanyama wa pwani ya Afrika Mashariki waliingizwa katika jenasi mbili zilizojulikana kutoka Bavaria, kwa msingi wa mifupa ambayo haikuwa na fuvu wala bawa kamili. Huo ulikuwa mtindo wa wakati ule, kwani jenasi Pterodactylus ilikuwa imegeuzwa kapu la kutupia kila kisukuku cha mkia mfupi kisichojulikana pa kukiweka, hadi ikarundikiwa spishi kadha wa kadha, ambazo leo karibu zote zimehamishwa au kufutwa, na wataalamu wengi wanakubali spishi moja tu iliyobaki, ile ile antiquus ya Soemmerring.

Marekebisho ya Tendaguru yalikuja polepole. Peter Galton aliichunguza upya mifupa ya miundi mwaka 1980, akaona kwamba brancai haifanani na mnyama wa Bavaria, akaihamishia kwa mashaka katika jenasi ya Kiasia, Dsungaripterus. Mwaka 1999 David Unwin na Wolf-Dieter Heinrich walieleza kipande cha taya la chini lenye meno, wakaona kwamba hakiwezi kuingizwa katika jenasi yoyote iliyokwisha kutajwa, wakakipa jina jipya, Tendaguripterus recki, linalounganisha jina la kilima, neno la Kigiriki la bawa, na jina la Reck mwenyewe. Taya hilo, la mnyama ambaye upana wa mabawa yake unakadiriwa kuwa kama mita 1, ndiyo hati ya utambulisho iliyo thabiti kuliko zote waliyo nayo terosauri wa Tanzania. Spishi nyingine za Reck huhesabiwa kuwa majina yenye shaka, yaani majina yaliyojengwa juu ya mifupa isiyotosha kumtofautisha mnyama mmoja na mwingine. Wachunguzi kutoka Brazil wamerejea mifupa ya mikono iliyohifadhiwa Berlin katika miaka ya karibuni, na kazi yao imeonesha kwamba aina za terosauri zilizoruka juu ya rasi na fukwe za Tendaguru, takriban miaka milioni 150 iliyopita, zilikuwa nyingi kuliko jina hilo moja linavyoashiria.

Chukuliwe sasa sentensi fupi ambayo mwandishi wa kitabu cha shule angeweza kuiandika bila kusita: pterodaktili waliishi Tendaguru. Kwa maana pana sentensi hiyo ni kweli. Kwa maana ya kati pia ni kweli, kwa kuwa baadhi ya mifupa ni ya tawi la wenye mkia mfupi. Kwa maana finyu, ambayo ndiyo iliyopo katika uainishaji rasmi, si kweli, na ilikuwa imani ya mwaka 1931 iliyokwisha kuachwa. Neno ambalo linaweza kuifanya sentensi moja iwe kweli na uongo kwa wakati mmoja, bila msomaji kupewa njia yoyote ya kujua, halifai kuwa istilahi ya kufundishia.

Umaarufu wa neno hilo, hata hivyo, haukutegemea wataalamu. Riwaya ya Arthur Conan Doyle ya mwaka 1912 kuhusu uwanda uliosahaulika wa Amerika ya Kusini iliwafanya wasomaji wa Kiingereza wawaone wanyama hao kama viumbe wanaoweza kuwa hai mahali fulani, na baada ya muda mfupi "mahali fulani" pakawa Afrika. Mwaka 1923 Frank Melland, aliyekuwa ofisa wa kikoloni katika nchi ambayo sasa ni Zambia, aliandika kwamba Wakaonde wa kaskazini-magharibi walimweleza habari za kiumbe aitwaye kongamato, mpindua mitumbwi, na kwamba alipowaonesha mchoro wa terosauri waliukubali. Njia hiyo ya kuuliza ina kasoro iliyo wazi, kwani shahidi aliyeoneshwa jibu kabla ya swali hawezi kuhesabiwa kuwa shahidi, lakini hadithi imeendelea kunakiliwa na watafutaji wa maajabu kwa miaka 100 sasa, na wengine wao wameiunganisha hata na popobawa wa Pemba. Muungano huo hauna msingi. Popobawa, ambaye hofu yake ilianza kusimuliwa Pemba katika miaka ya 1960, ikatikisa Unguja mwaka 1995 na kuvuka bahari hadi Dar es Salaam mwaka 2007, ni shetani katika imani za watu. Hakuna msimulizi wa pwani aliyepata kumwelezea kama mnyama wa kufugika au kuwindwa, na bawa lililo katika jina lake ni la popo, tena kwa wasimulizi wengi ni kivuli tu cha bawa.

Filamu ndizo zilizofanya kazi kubwa zaidi, na midoli ikafuata filamu. Pakiti ya kawaida ya midoli hiyo, kama zinavyouzwa Kariakoo na kuchuuzwa hadi Tandika, huwa na mnyama mmoja wa shingo ndefu, mmoja wa pembe tatu, mmoja wa kusimama kwa miguu miwili akiwa ameachama, na mmoja aliyetandaza mabawa. Huyu wa mwisho mara nyingi ana kishungi kirefu kinachoelekea kisogoni, ambacho ni alama ya Pteranodon, terosauri wa Marekani aliyepewa jina na Othniel Marsh mwaka 1876 kwa maana ya bawa lisilo na meno. Lakini mdomo wake umejazwa meno, na nyuma amechomekwa mkia mrefu wa jamaa zake walioishi makumi ya mamilioni ya miaka kabla yake. Mnyama wa namna hiyo hajapata kuishi. Anauzwa akiwa ndani ya pakiti ya dinosauri, na mtoto anayemwita dainosa, neno lililozoeleka mitaani kwa matamshi ya Kiingereza, anasoma tu kilichoandikwa juu ya pakiti.

Kosa la kumwita dinosauri lina ukaribu fulani na ukweli. Terosauri na dinosauri ni matawi mawili ya shina moja, na kila tawi lilikwenda njia yake katika kipindi cha Triasi. Nchini Tanzania shina hilo linawakilishwa na Asilisaurus kongwe, jamaa wa karibu wa dinosauri aliyeelezwa mwaka 2010 kutokana na mifupa ya bonde la Ruhuhu, kusini-magharibi mwa nchi. Anayeruka leo akiwa na damu ya dinosauri ni ndege, ambao ni kizazi cha dinosauri wadogo wa miguu miwili, na hivyo kuku anayeparuza uani Mwananyamala ni jamaa wa karibu wa Giraffatitan kuliko alivyokuwa Tendaguripterus. Terosauri hawakuacha kizazi chochote.

Kiswahili kimejaribu njia mbalimbali za kumtaja mnyama huyu, na njia inayowajia wengi kwanza ni mjusi arukaye, au mjusi mwenye mabawa. Njia hii inaungwa mkono na mazoea, kwani katika magazeti na katika mijadala ya Bunge juu ya masalia yaliyoko Berlin, Giraffatitan mwenyewe huitwa mjusi mkubwa wa Tendaguru, na mzizi wa Kigiriki wa majina haya yote kweli ni mjusi. Lakini mjusi kwa Mswahili ni mnyama anayemfahamu, aliye ukutani karibu na taa akivizia wadudu, na kumkuza hadi mita 13 kwa kuongeza neno mkubwa kunamfundisha msomaji nasaba isiyokuwapo, kwa kuwa mjusi na kenge wako katika tawi jingine kabisa la reptilia, mbali na dinosauri na terosauri, ambao jamaa zao wa karibu walio hai ni ndege na mamba. Zaidi ya hayo, mijusi wanaonyiririka hewani kutoka mti hadi mti wapo kweli, akiwemo Holaspis wa misitu ya Usambara, na jina la mjusi arukaye ni haki yao kabla ya kuwa la mwingine. Kitenzi kuruka nacho, kwa kuwa hubeba kuruka kamba na kuruka angani kwa pamoja, hakisaidii kutofautisha.

Njia ya pili ni ya maelezo, kama vile mtambaazi wa kale mwenye mabawa, ambayo ni sahihi lakini ni ndefu mno kwa matumizi ya kila siku na haiwezi kuzaa maneno mengine. Inafaa kuwa fasili katika kamusi, na hapo ndipo pahala pake.

Inabaki njia ya kulitohoa neno la kimataifa, yaani kulichukua na kulivika sauti za Kiswahili, na hapa swali ni kama p ya mwanzo iandikwe. Mazoea ya lugha yamekwisha kulijibu swali hilo. Kiswahili kilipopokea saikolojia na nimonia, maneno ambayo kwa Kigiriki na kwa tahajia ya Kiingereza huanza na p, kiliidondosha herufi isiyotamkwa bila kuomba radhi, kwa sababu tahajia yetu hufuata sauti. Kwa kanuni hiyo umbo lifaalo ni terosauri, likiwa katika ngeli ya A-WA kama viumbe wote, terosauri huyu na terosauri hawa. Upo mfano mmoja ambapo p hiyo imesalia, nao ni helikopta, neno lililoundwa kwa Kigiriki cha msokoto na bawa, ambamo pteron imejificha katikati ya neno na kupata irabu ya kuishikilia mbele yake; mwanzoni mwa neno haina irabu hiyo, na mtamkaji wa Temeke au wa Kinondoni hana sababu ya kulazimishwa kuitamka. Majina ya kisayansi yenyewe, kama Pterodactylus na Tendaguripterus, hubaki katika tahajia yake ya Kilatini, kwa kuwa hayo si mali ya lugha yoyote moja.

Wapo wanaoona utohoaji kuwa unyonge, wakidai kwamba lugha yenye heshima hujiundia maneno kutoka mizizi yake. Hoja hiyo ina nguvu mahali pengine, lakini katika uwanja huu mkondo wa maneno hauendi upande mmoja. Asilisaurus amebeba asili na kongwe. Pakasuchus kapilimai, jamaa wa mamba aliyeelezwa mwaka 2010 kutoka bonde la Rukwa, amebeba paka pamoja na jina la mwanajiolojia Saidi Kapilima wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Shingopana wa mwaka 2017 ni Kiswahili kitupu. Na Mnyamawamtuka moyowamkia wa mwaka 2019 ni kirai kizima kilichounganishwa, kinachomtaja mnyama wa mto Mtuka ambaye pingili moja ya mkia wake ina umbo la moyo. Boheti naye amepata spishi yake, Australodocus bohetii, tangu mwaka 2007. Lugha inayowapa wataalamu wa dunia maneno ya namna hiyo haipungukiwi kitu kwa kutohoa moja.

Makumbusho ya Taifa na Kijiji cha Makumbusho kilichoko Kinondoni, ambacho kwa abiria wengi wa daladala ni kituo kabla ya kuwa taasisi, ni mahali ambapo maandishi machache ya Kiswahili yangeweza kusahihisha yale ambayo midoli na filamu zimeharibu, hata kama taya lenyewe liko Berlin. Waandishi wa vitabu vya shule nao, pamoja na walimu wa biolojia wanaolazimika kuvuka kutoka Kiswahili hadi Kiingereza katika kipindi kimoja, wanaombwa walitumie neno terosauri kwa kundi zima, wamwachie mnyama wa Bavaria jina la Pterodactylus peke yake, na wanapotafuta mfano wa kumpa mwanafunzi wa Temeke au Kinondoni wasianzie Texas wala Bavaria, bali waanzie kwa Tendaguripterus recki wa mkoa wa Lindi.